Protini ya virusi: uifanye dawa, uitumie kama chambo, ama uanze na jeni za wagonjwa?

Hii naandikia mtu kama huyu: uko Nairobi, pengine chuoni Chiromo ama Kabete ama JKUAT, unatafuta mada ya masters ama PhD, unataka kutafuta dawa za haya magonjwa ambapo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, yaani baridi yabisi, lupasi, soriasisi, ugonjwa wa Crohn wa utumbo na mengine ya ukoo huo, na umesoma mahali kwamba virusi vinatengeneza protini za kuzima kinga na sasa unajiuliza kama hapo kuna kazi ya kufanya. Kazi iko, tena nyingi. Shida ni kwamba watu wakisema "dawa kutoka kwa protini za virusi" wanachanganya vitu viwili tofauti kabisa, halafu wanasahau kuna njia ya tatu ambayo haina virusi ndani na ndiyo makampuni makubwa yanaipenda sai, kwa hivyo wacha nizipange zote tatu ujue unaingia wapi kabla supavaiza hajakuchagulia.

Ya kwanza, unachukua protini yenyewe ya kirusi unaifanya dawa. Ya pili, unaitumia kama chambo, unanasa protini ya binadamu ambayo kirusi kilikuwa kinaiandama, halafu hiyo ya binadamu ndiyo unaitafutia dawa. Ya tatu, unaanza na DNA ya wagonjwa, unatafuta ni jeni gani zina tofauti, virusi havikuhusu kabisa. Mimi naegemea ya pili kwa mtu aliye Nairobi na sitaficha, lakini kila moja ina mahali inazishinda zingine.

Kwanza, kwa nini virusi

Chukua ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe, ule unasumbua wafugaji hapa kwetu. Jenomu ya kirusi chake, yaani DNA yake nzima, ilisomwa yote ikachapishwa 2001, ikaonekana ina jeni kama 156, na ndani yake kuna nakala ya IL-10, kuna protini za kunasa IL-1 (hizi IL ni jumbe ambazo seli za kinga hutumiana, ya 10 hutuliza na ya 1 huchochea), kuna hadi risepta, yaani kipokezi, ya kemokini, zile jumbe za kuita seli za kinga. Vitu kama hivyo kirusi hakivihitaji ili kijizalishe ndani ya seli, kazi yavyo ni kupambana na kinga ya ng'ombe. Na mwaka huo huo wa 2001 Marekani ikaidhinisha anakinra, dawa ya baridi yabisi ambayo inazuia hiyo hiyo IL-1. Yaani pale kirusi kilikuwa kinapiga ndipo madaktari nao walifika kwa njia yao, na hii imetokea mara nyingi mno kuiita bahati. Kirusi cha chanjo ya ndui kina protini inaitwa B18 ambayo inanasa intaferoni, jumbe za kuonya seli kuhusu virusi, ilielezwa 1995, na 2021 ikaidhinishwa anifrolumabu kwa wagonjwa wa lupasi, nayo inafunga risepta ya hizo intaferoni.

Mfano mwingine uko nyumbani kabisa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, Montgomery aliandika juu yake 1921. Kirusi chake kina protini inaitwa A238L, na 1998 watafiti wakaonyesha kwamba inazuia kalsinyurini, kimeng'enya kile kile kinachozuiwa na saiklosporini na takrolimasi ambazo watu waliopandikizwa figo wanameza kila siku, na juu ya hiyo A238L inazuia NF-kB pia, swichi kubwa ya uvimbe ndani ya seli. Protini moja, kazi mbili, kwa nguruwe wa Kenya. Mimi hiyo inanisisimua kila nikiifikiria.

Lakini si kila protini ya kirusi inafaa, na hapa watu hupotea. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo pia ilielezwa kwanza hapa Kenya, kirusi chake kina protini NSs ambayo inazima intaferoni vizuri sana, ila inafanya hivo kwa kuvuruga mtambo wa kunakili jeni kwa ujumla, manake inaua kila kitu na intaferoni ikiwemo. Hiyo haikupi lengo la dawa. Tafuta protini ambayo inagusa kitu kimoja ama viwili, na ikiwa inatolewa nje ya seli ni afadhali zaidi, juu dawa za sindano zinafanya kazi huko huko nje.

Njia ya kwanza: protini ya kirusi iwe dawa yenyewe

Mfano bora wa hii ni Serp-1. Inatoka kwa kirusi cha miksoma, kile Australia ilikiachilia 1950 kuua sungura. Watafiti Grant McFadden na Alexandra Lucas walifanya nayo kazi miaka mingi, inazuia vimeng'enya fulani vya kuyeyusha damu na vya uvimbe kwenye mishipa, na iliweza kufika kwa binadamu: matokeo ya 2010, wagonjwa 48 wa moyo waliokuwa wanawekewa stenti (kibomba cha kufungua mshipa), wakapewa kwa siku 3, ikaonekana salama, alama za moyo kuumia zikashuka kwa waliopata dozi ya juu, na hawakuona kingamwili (protini ambazo kinga hutengeneza kushika kitu kigeni) za kuizima. Ni matokeo mazuri. Lakini angalia tarehe halafu angalia leo, bado haijaidhinishwa mahali popote.

Uzuri wa njia hii ni kwamba protini imeshajaribiwa na maumbile kwa muda mrefu kuliko kampuni yoyote ingeweza, na mara nyingi dozi ni ndogo sana. Ubaya ni kwamba ni protini ya kigeni mwilini. Kumpa mtu siku 3 ni kitu kimoja, kumpa mgonjwa wa baridi yabisi kila wiki kwa miaka 20 ni kitu kingine, kinga yake itajifunza kuitambua na siku hiyo dawa inaisha nguvu ama inaleta mzio. Tena huyu mgonjwa kinga yake tayari ina hasira. Ndio maana naona njia hii inafaa tu kwa vitu vya muda mfupi, moyo, kiungo kilichopandikizwa, majeraha, na kwa magonjwa ya kudumu siishauri.

Na kuna hili la IL-10. Kirusi cha Epstein-Barr (EBV) kina nakala yake ya IL-10, ilijulikana 1990, na cha ajabu ni kwamba ile ya kirusi inatuliza tu, haina ile tabia ya IL-10 ya binadamu ya kuchochea seli zingine za kinga, na 2000 ikaonekana tofauti kubwa iko kwenye asidi amino moja. Moja tu! Wakati huo watu walikuwa wanajaribu IL-10 ya binadamu kwa ugonjwa wa Crohn na matokeo yakawa hafifu. Sasa mtu anaweza kusema basi tumia ile ya EBV, mimi nasema hapana, jifunze kutoka kwa hiyo asidi amino moja urekebishe ya binadamu. Na hapo umeshatoka njia ya kwanza umeingia ya pili bila kujua.

Njia ya pili: chambo

Hii nitakaa nayo. Kuna kirusi cha nyani wadogo wa Amerika Kusini, herpesi saimiri, kina jeni ambayo haikujulikana ni ya nini. 1993 watu wakapata jeni ya panya inayofanana nayo, na 1995 watafiti wa kampuni ya Immunex kule Seattle wakachukua hiyo protini ya kirusi, wakaiunganisha na mkia wa kingamwili, wakaitumia kuvua ni nini kwenye seli inaishika. Wakanasa risepta mpya. Hiyo ndiyo risepta ya IL-17. Miaka 20 baadaye, 2015, sekukinumabu inayozuia IL-17 ikaidhinishwa kwa soriasisi, na 2017 brodalumabu ikaidhinishwa, hii ikifunga ile risepta yenyewe. Watu waliokuwa na magamba mwili mzima ngozi ikawa safi. Hakuna kipande hata kimoja cha kirusi ndani ya hizo dawa, kirusi kilionyesha tu pa kushika.

Tena ona kitu kingine hapo: kirusi hicho kilikuwa kinaigiza IL-17, hakikuwa kinaizima. Kwa hivyo usisome protini ya kirusi kana kwamba inakwambia "zuia hapa". Inakwambia "hapa pana umuhimu". Kuzuia ama kuwasha utaamua mwenyewe kwa majaribio.

Ile hadithi maarufu zaidi ni ya TNF, ujumbe mwingine wa kinga unaochochea uvimbe, na naona inasimuliwa vibaya. Watu wanasema etanasepti, risepta ya TNF iliyofanywa dawa na iliyoidhinishwa 1998 kwa baridi yabisi, ilitoka kwa virusi. Ukweli ni kwamba jeni T2 ya kirusi cha fibroma ya sungura ilikuwa imesomwa tayari bila kueleweka, halafu 1990 Craig Smith na wenzake hapo hapo Immunex walipopata risepta ya TNF ya binadamu wakaona inafanana na ile T2, na mwaka uliofuata ikathibitishwa kwamba T2 inanasa TNF. Kwa hivyo binadamu na kirusi walielezana. Na wakati huo huo watafiti Feldmann na Maini kule London walikuwa wanathibitisha kwa njia nyingine kabisa kwamba TNF ndiyo inachochea baridi yabisi. Kirusi kilitoa ushahidi mzito kwamba risepta iliyokatwa ikaachwa ielee kwenye damu inaweza kuzima TNF, juu ndivyo virusi vya sungura vinafanya, lakini hakikufanya kazi yote peke yake. Ukiandika proposo usidanganye hapo, mtahini akijua historia atakushika.

Njia ya tatu: jeni za wagonjwa

Hii nitaenda haraka. Unakusanya DNA ya maelfu ya wagonjwa na maelfu ya watu wenye afya, unalinganisha. 2006 ikaonekana tofauti kwenye jeni ya risepta ya IL-23 inakinga watu na ugonjwa wa Crohn, na leo dawa za kuzuia IL-23 ziko hospitalini. Tofauti kwenye jeni ya TYK2, kimeng'enya cha kupitisha jumbe za kinga ndani ya seli, zilielekeza kwa deukravasitinibu, tembe ya soriasisi iliyoidhinishwa 2022. Na kuna uchambuzi wa 2024 ulioonyesha kwamba lengo likiwa na ushahidi wa kijenetiki, nafasi ya dawa kutoka majaribio ya kwanza hadi sokoni inakuwa mara 2.6 ya lengo lisilo nao. Kwa takwimu njia hii inazishinda zingine mbili, sina ubishi.

Ila sasa fikiria njia hii ikiwa Nairobi. Data nyingi za aina hii ni za watu wenye asili ya Ulaya. Tuna AWI-Gen, mradi wa jeni za Waafrika, iliyochukua watu kama 12,000 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, na hapa Nairobi ilipitia APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu, kwa watu wa mitaa ya Korogocho na Viwandani, lakini hiyo ilihusu moyo, sukari na presha, haikuhusu lupasi. Kukusanya wagonjwa wa lupasi wa kutosha Kenya ni kazi ya taasisi nzima kwa miaka, na madaktari wa viungo tulio nao ni wachache sana. Ni kazi inayohitajika, natamani ifanywe, lakini si ya mwanafunzi mmoja na granti ndogo.

Zikiwekwa pamoja

Pesa: ya tatu ndiyo ghali kuanza, ya kwanza ni ghali kumaliza juu kutengeneza protini safi ya kudungwa binadamu ni kiwanda, ya pili ni rahisi kuanza na gharama kubwa inakuja baadaye kabisa, wakati huo ushapata mshirika. Muda hadi upate kitu cha kuandika: ya pili inashinda. Hatari ya mwili kukataa dawa: ya kwanza iko juu sana, ya pili na ya tatu mnaishia na kingamwili ama tembe za kawaida kwa hivyo mko sawa. Kupata kitu kipya ambacho hakuna mtu ameona: ya pili, bila wasiwasi, manake virusi vya mifugo vya Afrika vina protini kibao ambazo hakuna aliyezigusa.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho makala za nje hazikiweki juu na kwetu kinafaa kuwa cha kwanza, nacho ni TB. 2001 iliripotiwa wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kupewa infliksimabu, dawa inayozuia TNF, wengi ilikuwa TB iliyolala ikaamka. TNF ndiyo inashikilia zile ngome ambazo mwili umefungia bakteria ndani. Kwa nchi kama yetu ambapo watu wengi wanatembea na TB iliyolala, lengo la dawa ambalo linaamsha TB ni lengo la shida hata kama linatibu viungo vizuri sana. Kwa hivyo chambo chako kikikuletea protini ya binadamu, kabla hujafurahi uliza: mtu aliyezaliwa bila hii protini anapatwa na nini? Miksoma ina protini inaitwa M-T7 inayonasa intaferoni gama ya sungura, inavutia kweli, lakini tangu 1996 inajulikana kwamba watoto waliozaliwa bila risepta ya intaferoni gama wanapata maambukizi mabaya sana ya bakteria wa ukoo wa TB. Hiyo weka kando. IL-17 kwa upande mwingine, wagonjwa bado wanapimwa TB kabla ya kuanza dawa lakini hofu si kubwa kama ya TNF, kinachoongezeka zaidi ni fangasi ya kandida. Unaona hapa njia ya tatu inakusaidia ukiwa kwa ya pili, data za jeni ziko wazi mtandaoni, zitumie kuchuja.

Udhaifu mkubwa wa njia ya pili kwetu ni huu: virusi vya mifugo vinajua mifugo. T2 ya miksoma (nayo ina yake) inazuia TNF ya sungura, ya wengine haijali. Kirusi cha orfu, kile cha vidonda vya mdomo vya mbuzi na kondoo, kina protini nzuri ajabu ya kunasa GM-CSF na IL-2, jumbe mbili za kinga, kwa pamoja, lakini ni za kondoo, za binadamu haizishiki, ingawa kirusi chenyewe kinaambukiza mikono ya wachungaji. Kwa hivyo ukienda na mapele ngozi ama homa ya nguruwe, jaribio la kwanza liwe kama protini yako inashika ile ya binadamu, usingoje mwaka wa pili kujua. Ikikataa bado hujapoteza kila kitu, umejua lengo ni lipi, unahamia kwa la binadamu lenye jina hilo hilo, ila hadithi yako inakuwa ndefu kidogo kuitetea.

Ndio maana kwa anayeanza napendekeza moluskamu. Ni kirusi cha ukoo wa ndui kinachoambukiza binadamu pekee, kile cha vipele vidogo vyenye kitovu ambavyo watoto wanakaa navyo miezi na ngozi pembeni haivimbi wala haiwi nyekundu, na kwa watu wenye HIV vinaweza kujaa uso mzima. Kukikuza maabarani imeshindikana, lakini huhitaji kirusi chenyewe, jeni unaagiza itengenezwe. Na kwa sababu kinaishi na binadamu tu, protini zake zinashika vitu vya binadamu: MC54 inanasa IL-18, ujumbe wa kuchochea kinga, na MC148 inafunga CCR8, risepta mojawapo ya kemokini.

Kuhusu kazi yenyewe, miezi ya kwanza ni laptopu na bando tu. Hifadhi ya maumbo ya protini ya AlphaFold iliyotolewa 2021 iliacha protini za virusi nje, ila tangu 2024 kuna hifadhi inaitwa BFVD yenye maumbo zaidi ya 350,000 ya virusi, na programu ya Foldseek ni ya bure, unaweka umbo la protini yako inakutafutia za binadamu zinazofanana nalo hata kama herufi za mfuatano hazifanani. Chuja ubaki na chache zinazotolewa nje ya seli. Halafu agiza jeni, ziunganishe na mkia wa kingamwili, zikuze kwa seli za HEK (seli za figo za binadamu za maabarani), pitisha kwa protini za seli za damu za binadamu, kilichonaswa tuma kikasomwe uzito wa vipande (mass spectrometry) ujue ni protini gani. Kibali cha kamati ya maadili kwa hiyo damu, kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na cha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia kwa sababu ya jeni zilizobadilishwa, anza hizo karatasi mapema sana, hata kabla ya kuagiza jeni. Na usidanganyike na orodha ndefu: 2020 watu walifanya hivi kwa protini 26 kati ya 29 za kirusi cha korona wakapata miunganiko 332 na binadamu, na kuunganika pekee si lengo la dawa, lazima uonyeshe kwamba kuvunja huo muunganiko kunabadilisha uvimbe kwa seli za kweli.

Kama wewe ni daktari na una kliniki ya wagonjwa wa viungo, nenda njia ya tatu, anza kuhifadhi sampuli na rekodi, utashukuriwa na wengi. Kama uko na timu ya upasuaji ama ya kupandikiza figo na mna mshirika wa kutengeneza protini, ya kwanza inaweza kuwafaa. Kama ni daktari wa mifugo pale Kabete, karibu na ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo), una virusi na sampuli ambazo Seattle hawana, ingia ya pili kwa mlango wa homa ya nguruwe na mapele ngozi, na unaweza hata kuangalia papasi anayebeba hiyo homa ya nguruwe, juu mate yake yalitoa nomakopani inayozuia komplimenti, zile protini za kinga ndani ya damu, na imeshajaribiwa kwa wagonjwa wa ngozi. Wengine wote, ya pili na moluskamu. Kontroli yako ya kwanza, yaani jaribio la kuhakikisha mbinu inafanya kazi, iwe MC54 na IL-18 ya binadamu, jozi hiyo inajulikana tangu 1999, na kama chambo chako hakiinasi hiyo usipime kingine chochote hadi urekebishe.